Mbwa wa Bern hawakujibu: filimbi, masikio na suala la mbegu

Mchana kazi ilinibana, na jioni nilikuwa na mwanafunzi mmoja mkaidi. Anaitwa Simba, mbwa wa kienyeji kabisa. Mama yake namfahamu, baba yake hakuna anayemfahamu. Nilikuwa nimeanza kumfundisha kuitika filimbi kwa mtindo wa wawindaji ndege wa Uingereza, wale wenye Labrador na spanieli. Jirani yangu, mzee ninayemheshimu, alitazama juu ya ua siku ya kwanza akacheka. "Kijana, hayo ni mambo ya mbwa wa kizungu. Huyu hana masikio ya filimbi."

Wiki haikuisha. Simba alichomoka langoni akifukuza paka, akaingia barabarani, nami nikapuliza filimbi mpaka mashavu yakauma. Hata sikio hakugeuza. Matatu ilifunga breki, ikamkosa kidogo tu. Mzee alikuwa pale pale akishuhudia. Nilirudi nyumbani nimeanza kumwamini, na kwa kuwa mimi ni mtu wa programu, siwezi kulala na hitilafu ambayo sijaielewa. Nikaanza kusoma.

Kumbe jirani yangu ana mwenzake wa zamani sana. Francis Galton, Mwingereza, binamu yake Charles Darwin, alitengeneza filimbi ndogo katika miaka ya 1870. Ilikuwa kijibomba chembamba ambacho unaweza kukifupisha kwa kusukuma kizibo ndani. Bomba likifupika, sauti inapanda, mpaka binadamu hasikii tena. Alitaka kupima mwisho wa masikio ya watu. Baadaye aliifunga filimbi kwenye ncha ya fimbo ya kutembelea, akaunganisha na mpira wa kubinya, akaenda kwenye bustani ya wanyama ya London. Alikuwa akiisogeza karibu na sikio la mnyama, anabinya, anatazama kama atashtuka. Paka ndio waliomfurahisha zaidi.

Kisha akaingia mitaani. Katika kitabu chake cha 1883 anasimulia kwamba mbwa wadogo karibu wote waligeuka, lakini wakubwa hawakugeuka. Alipofika Bern, Uswisi, mji ambao aliuona umejaa mbwa wakubwa waliojilaza barabarani bila kazi, alipuliza kwa saa nyingi na hakupata hata mmoja aliyejibu. Akahitimisha kuwa mbwa wakubwa hawasikii sauti kali.

Ninyi mnaoshughulika na mitandao mmeshaona kosa. Unatuma pingi kwa kompyuta fulani, haijibu. Je, imezimwa? Labda. Labda pia imewaka, imepokea ujumbe wako vizuri, ila hakuna aliyeiagiza ijibu. Galton alipima majibu akaandika kwamba amepima masikio. Jibwa la Bern lililolala juani, limezoea kelele za mji mzima, lina sababu gani ya kuinua kichwa kwa mluzi usioleta nyama wala fimbo?

Jibu la maabara lilikuja miaka 100 kamili baada ya kitabu kile. Mwaka 1983 mtafiti Mmarekani Henry Heffner alichapisha vipimo vya usikivu wa mbwa wa maumbo mbalimbali, kuanzia Chihuahua anayeingia kwenye kikapu hadi Saint Bernard mkubwa. Tofauti yake na Galton ni kwamba yeye aliwafundisha kwanza: ukisikia sauti, fanya hivi, utapata tuzo. Wote walisikia hadi karibu hezi 45,000, ilhali binadamu kijana anakomea kama 20,000. Ukubwa wa mwili haukubadilisha kikomo hicho cha juu.

Kuna jambo jingine katika kitabu kile cha 1883. Ndicho ambamo Galton alitunga neno la Kiingereza ambalo kwetu tungelitamka yujeniki, yaani fikra ya kuboresha binadamu kwa kuchagua nani azae na nani asizae. Tunajua fikra hiyo ilifika wapi katika karne iliyofuata. Sisemi filimbi ndiyo iliyoizaa. Nasema tu kwamba tabia ni ile ile: mtu asipojibu swali ulilomuuliza kwa lugha asiyofundishwa, unaandika kwamba uzao wake ni duni. Nilipofika hapo nilimkumbuka mzee wangu wa uani, nikajikumbuka na mimi pia, maana nilikuwa nimeshaanza kumkubalia.

Basi, wawindaji walipata nini ambacho Galton hakuwa nacho? Walikuwa na itifaki. Mwaka 1848 afisa wa jeshi la Uingereza, W. N. Hutchinson, alichapisha kitabu cha kufundisha mbwa wa kuwindia, akipendelea ishara na utulivu badala ya makelele. Sababu ni ya kawaida kabisa: sauti ya mtu inashtua ndege, na inabeba hasira. Ukimwita mbwa umekasirika, jina lake linabadilika masikioni mwake. Filimbi haina hasira. Mpaka leo msimbo wao ni mfupi kuliko programu yoyote niliyowahi kuandika. Mpulizo mmoja mrefu maana yake keti hapo ulipo. Mingi mifupi ya haraka, rudi kwangu. Miwili mifupi, kwa spanieli anayepekua majani mbele ya bunduki, geuza upande.

Vifaa navyo vilitoka Birmingham, kwenye karakana ya Joseph Hudson, fundi yule yule aliyewapa polisi wa London filimbi yao na mwaka 1884 akatoa ile ya Thunderer yenye kijipira ndani, ambayo marefa waliipenda. Filimbi za mbwa za kampuni hiyo zinauzwa kwa namba: 210½ na 211½. Kila namba ina sauti yake isiyobadilika, kwa hiyo ukiipoteza porini unanunua nyingine na mbwa hajui tofauti. Wawindaji wana mazoea kwamba 210½ ni ya spanieli na 211½ ni ya Labrador. Ni mazoea ya watu tu. Sikio la spanieli halina namba.

Wachungaji wa kondoo walichukua njia nyingine. Wao hutumia kibati kilichokunjwa chenye tundu, kinawekwa mdomoni na ulimi ndio unaopandisha na kushusha sauti. Kila mchungaji anatunga milio yake, na akiwa na mbwa wawili uwanjani kila mmoja ana seti yake, kama kompyuta mbili zenye anwani tofauti kwenye waya mmoja. Naona hii ni kazi ya uhandisi nzuri kuliko ya wawindaji, ila ni ngumu kwa mtu anayerudi nyumbani saa moja jioni.

Nilijaribu pia njia ya mkato: programu ya simu ya kutoa sauti ambayo binadamu hasikii. Iliniaibisha. Sauti ya kawaida ya kidijitali huchukuliwa sampuli 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo haiwezi kuvuka hezi 22,050, na spika ya simu huishiwa pumzi kabla ya hapo. Isitoshe, ukipuliza usichosikia hujui hata kama umepuliza.

Nikaanza upya na Simba, filimbi ya dukani na bakuli lake. Mipulizo mifupi, kisha chakula, kila siku, ndani ya nyumba. Baada ya wiki mbili uani. Kisha kiwanjani kwa kamba ndefu. Sheria niliyojiwekea ni moja: sipulizi kama sina hakika atakuja, maana kila mpulizo usiojibiwa unamfundisha kwamba filimbi ni upepo. Siku ile ya matatu nilikuwa natuma amri ambayo hajawahi kuwekewa. Mpulizo mrefu wa kuketi ulichukua mwezi mwingine.

Jumamosi iliyopita vijana wa mtaa walikuwa na mechi. Simba alikuwa pembeni na mimi, bila kamba. Refa akapuliza ndefu ya mapumziko. Simba, ambaye alikuwa ameanza kukimbilia mpira, aliketi katikati ya uwanja, wima kama askari wa gwaride, akinitazama mimi. Mzee alikuwepo. Hakusema kitu, lakini jioni alinipigia hodi akauliza filimbi kama ile ni bei gani, kwa kuwa na yeye ana mbwa.

Nimemwambia asinunue ya refa. Mimi nimeshaagiza ya namba.