Shemine za nyumba za zamani: angalieni ndani ya bomba la moshi

Baridi ya usiku huko Bukavu, Butembo ao Lubero haihitaji maelezo. Baadhi ya nyumba zilizojengwa wakati wa Wabelgiji zingali na shemine ukutani, na wenye kukaa humo wanawasha kuni bila kujiuliza moshi unapitia wapi. Unapanda juu, basi. Lakini ndani ya lile bomba la tofali kunapaswa kuwa ngozi ya pili, vigae vya udongo wa kuchomwa ao tiyo ya chuma, inayotenganisha moshi na ukuta. Hiyo njo inachakaa, na hakuna mutu anaiona.

Moshi wa kuni unabeba maji, asidi na lami. Ukipoa njiani, vyote vinashika ndani ya bomba. Asidi inakula chokaa iliyoshikanisha tofali. Lami inabaki, nyeusi, yenye kung'aa kama rangi. Kuni mbichi, kama mikaratusi iliyokatwa juzi, zinaiongeza sana. Siku lami hiyo ikiwaka, bomba linanguruma, cheche zinaruka juu ya manjanja, na joto linaweza kupita digrii 1 000. Vigae vinapasuka palepale.

Kwetu kuna tena matetemeko. Lile la tarehe 3 Februari 2008 karibu na Bukavu, na yale yaliyofuata mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 2021 huko Goma, yalipasua kuta. Ufa wa inje unapakwa simenti na rangi. Ule wa ndani ya bomba unabaki vilevile. Kupitia ufa huo, monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, inaweza kuingia chumba cha nyuma ao juu ya plafo. Nyumba hizi mara nyingi zimegawanywa: anayeota moto yuko salo, na watoto wa mpangaji mwingine wanalala upande wa pili wa ukuta. Kichwa kikiuma, kizunguzungu na kutapika vikishika watu kadhaa pamoja, na wakitoka inje wanapata nafuu, msikimbilie kusema ni malaria. Toeni wote inje kwanza, kisha muende hospitali.

Namna ya kuchunguza si ngumu. Moto ukiwa umezimika kabisa, weka kioo chini na umulike kwa tochi. Vipande vya vigae ndani ya majivu, doa la rangi ya chai ukutani, ao ukuta unaopata joto mahali pamoja tu: hizo ni alama mbaya, na shemine isiwashwe tena mpaka fundi aione.

Kubadilisha, kilicho muzuri ni tiyo ya inoksi inayoshushwa kutoka juu. Isiwe nyembamba: tundu lake liwe karibu sehemu moja ya kumi ya mdomo wa shemine, la sivyo moshi unarudi ndani. Ukikuta fundi anakunja manjanja kuwa tiyo, umukataze. Zinki inayeyuka karibu na digrii 420, na bati linalobaki linaliwa na kutu upesi. Aluminiamu pia haifai kwa moto wa kuni. Mbao za paa zisiguse bomba hata kidogo, na juu kuwe na kofia ya kuzuia mvua.

Usafi ni mara moja kwa mwaka, ao mapema zaidi masizi yakifikia unene wa milimita 3. Bukavu, Juni hadi Agosti paa imekauka na fundi anapanda bila kuteleza. Brashi ya waya inatoa masizi. Lami iliyoganda kama kioo haitoki kwa brashi, na kuichoma makusudi ili iishe, kama wengine wanavyofanya, ni kuita ule moto wa bomba.

Asiye na uwezo wa tiyo mpya afunge shemine kwa tofali, huku akiacha tundu dogo la hewa ili unyevu usioze ukuta, na asiweke mbabula ndani yake.