Mafuta Yanayobeba Ujumbe: Historia ya Dhana na Tatizo la Istilahi Mpakani mwa Nakivale

Mwaka 1948 Raymond Ahlquist alipendekeza kwamba adrenalini hupokelewa mwilini na vipokezi vya aina mbili, alfa na beta. Miaka 5 baadaye, Mabel na Lowell Hokin walionyesha kwamba seli ya kongosho inapochochewa, baadhi ya mafuta ya utando wake hufanywa upya kwa kasi. Matokeo hayo mawili yalikaa mbalimbali kwa muda mrefu, hadi mwaka 1983 ilipobainika kwamba kipande cha mafuta hayo, inositoli trifosfeti, huachilia kalsiamu iliyohifadhiwa ndani ya seli. Katika misuli ya mishipa ya damu, kipokezi cha alfa-1 hufuata njia hiyo: noradrenalini hukigusa kwa nje, mafuta ya utando hukatwa, kalsiamu hupanda, mshipa hubana. Mishipa ya ubongo nayo ina mfumo huu, ingawa hubana kwa kiasi kuliko ile ya ngozi.

Kiswahili kinaielezaje habari hii? Swali hili si la maktaba pekee. Rwekubo, katika wilaya ya Isingiro iliyomegwa kutoka Mbarara, imepakana na makazi ya Nakivale yaliyoanza kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha Wakongo, Warundi na Wasomali. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, hufundisha udaktari kwa Kiingereza. Mgonjwa hutaja “presha”, au “tension” ya Kifaransa akitoka Kongo, ilhali Kiswahili sanifu kina “shinikizo la damu”.

Ugumu hasa uko katika neno “mafuta”. Jikoni limekwishashika nafasi yake, na mgonjwa wa presha huambiwa ayapunguze. Akisikia kwamba mafuta ndiyo huuamuru mshipa ubane, anaweza kuamini kwamba kuacha mafuta ya kupikia kunatosha, akaweka vidonge kando. Hapa neno la mkopo, “lipidi”, lina faida kuliko neno la asili, jambo ambalo wapenda usanifu hulikubali kwa shingo upande.

“Kipokezi”, kinyume chake, hakihitaji mkopo. Kitenzi “pokea” kinaeleweka kwa Mswahili wa Bukavu na wa Mombasa, na kinarahisisha kueleza dawa zilizotokana na kazi ya James Black ya miaka ya 1960: kidonge hukalia kipokezi cha beta, adrenalini ikija hukuta nafasi imeshikwa.