Si kila aliyerudi nyumbani amedisko

Wasomaji wangu, leo nawapeleka Tanga, lakini si mjini kwenye bandari. Twende bara kidogo, Korogwe na Handeni. Kwa ambao hamjafika, Korogwe ni mji wa mto Pangani, wa mkonge na reli. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902. Handeni iko upande wa kusini, nchi ya Wazigua, nchi ya mahindi na mvua isiyo na ahadi. Kati ya miji hii miwili ni kama kilomita 65.

Katika miji hii mtoto akienda chuo kikuu anajulikana mtaa mzima. Akirudi kabla ya wakati, anajulikana zaidi. Na neno la kumpokea ni moja tu: amedisko. Aliyefeli amedisko. Aliyegoma amedisko. Aliyekosa ada amedisko. Hata aliyelazwa miezi mitatu, naye amedisko! Nimekuwa nikijiuliza, kwa nini lugha yetu yenye maneno mengi hivi ina neno moja tu kwa mambo manne tofauti?

Jibu langu ni kwamba historia tuliyosimuliwa ya kuondoka chuoni ni historia ya kufukuzwa. Hebu tuitazame.

Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana wakiwa na majoho yao kupinga utaratibu mpya wa Jeshi la Kujenga Taifa. Serikali ilitaka msomi akimaliza akae kambini miezi mitano, kisha afanye kazi mwaka mmoja na nusu hivi kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Baadhi ya mabango yalidai kwamba enzi za mkoloni zilikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na vijana wapatao 393 wakarudishwa makwao. Miezi mitatu na ushee baadaye likaja Azimio la Arusha. Miongoni mwa waliorudishwa alikuwamo Samuel Sitta, ambaye baadaye alirejea, akahitimu, na mwaka 2005 akawa Spika wa Bunge.

Machi 5, 1978, yakatokea tena. Safari hii wanafunzi walipinga viongozi kujiongezea maslahi. Wapatao 350 walitimuliwa. Mei 1990 Mlimani ikafungwa kabisa na kufunguliwa mwaka uliofuata.

Sasa angalia jambo moja. Mwanafunzi wa 1966 au 1978 akishuka Korogwe na sanduku lake, kila mtu alijua sababu, maana ilikuwa imetangazwa redioni. Alikuwa mkorofi kwa wengine na shujaa kwa wengine, lakini alikuwa na hadithi. Na wengi wao waliruhusiwa kurudi darasani. Mgonjwa je? Yeye hakutangazwa popote. Alishuka usiku, akaingia ndani, mlango ukafungwa. Hakuna aliyeandika historia yake.

Nami nilikuwa mmoja wao. Mwaka wa pili nilianza kukohoa, nikakonda, shati likalowa jasho kila usiku. Vipimo vikasema kifua kikuu. Nikarudi Korogwe kwa mama. Siku ya tatu tu jirani akamwuliza mama kupitia uani, "Mama, kwani kijana amefunga chuo mapema?" Mama akajibu, "Anaumwa." Jirani akasema, "Haya, Mungu amsaidie," kwa sauti ambayo mimi niliyekuwa nimelala ndani niliielewa vizuri sana.

Lakini nilikuwa na bahati ya kuzaliwa wakati mzuri. Zamani za wakoloni mgonjwa wa kifua alipelekwa Kibong'oto, sanatoria iliyofunguliwa mwaka 1926 kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kwa miaka mingi dawa za ugonjwa huu zilimezwa mwaka mzima au zaidi. Mwaka 1977 nchi yetu ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, akisaidia daktari Karel Styblo, na yaliyojifunzwa hapa kwetu yakawa msingi wa mkakati uliotumiwa na dunia nzima: tiba fupi, na mgonjwa kusimamiwa akimeza dawa. Mimi nilimeza miezi sita. Mwaka uliofuata nilikuwa darasani. Kwa hiyo kilichoniweka nje ya chuo kilikuwa na tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Hilo ndilo jirani hakulijua.

Kuna ugonjwa mwingine mgumu kuusema kuliko kifua. Nikiwa Handeni kikazi nilikutana na kijana aliyeacha chuo muhula wa nne. Hakulala wiki nzima, akaanza kusikia sauti. Ndugu zake walikuwa na maelezo mawili. La kwanza, amesoma mpaka amechanganyikiwa. La pili, amerogwa kwa wivu. Akazungushwa kwa waganga, na kwa waganga Handeni haina mpinzani, mpaka mbuzi wakaisha. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo kikuu.

Cha kusikitisha ni kwamba hospitali ya maradhi ya akili iko wilaya ya jirani. Lutindi, juu ya milima ya Usambara katika wilaya ya Korogwe, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na tangu miaka ya mwanzo ya 1900 wamisionari wa Kijerumani walikuwa wakiwapokea wagonjwa wa akili pale. Zaidi ya miaka mia moja! Nchi nzima tunataniana kwa Mirembe ya Dodoma, na Lutindi iliyo karibu yetu tunaiogopa hata kuitaja. Kijana yule alifikishwa hospitali baada ya miezi tisa. Nilipomwona alikuwa ametulia, anazungumza vizuri. Nikamwuliza kama atarudi chuo. Akasema, "Kaka, sikuaga. Nilitoka tu."

Hapo ndipo penye msiba. Kati ya aliyeahirisha masomo na aliyetoroka, tofauti ni karatasi. Cheti cha daktari, barua kwa mkuu wa kitivo, na jibu la chuo lililoandikwa. Mwenye karatasi hizo ana nafasi inayomngoja. Asiye nazo anahesabiwa mtoro, hata kama alibebwa kwa machela. Na Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya 2004 haisahau: fedha za kujikimu husimama ukiondoka, deni halisimami.

Mtasema mgonjwa wa akili ataandikaje barua? Kweli hawezi. Ndiyo maana rafiki wa chumba kimoja, mzazi au mshauri wa wanafunzi lazima ajue utaratibu huu. Chuo changu, ambacho sitakitaja, kiliniandikia jibu baada ya wiki saba na safari tatu za mdogo wangu. Kwa mtu asiye na mdogo wa kumtuma, wiki saba ni ukuta.

Lakini tunaweza kubadilika. Machi 2020, corona ilipoingia, vyuo vyote vilifungwa mpaka Juni 1. Taifa zima liliahirisha masomo kwa sababu ya afya, na hakuna aliyeambiwa amedisko. Mwaka 2021 serikali ikatoa waraka wa kuwarejesha wanafunzi wa msingi na sekondari waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito. Ikiwa mlango wa sekondari umefunguliwa, wa chuo usifunguliwe kwa nini?

Nilimwambia yule kijana akachukue cheti chake hospitali, hata kama kimechelewa, aende nacho chuoni na baba yake. Baba alikubali nauli. Mbuzi mmoja alikuwa amebaki.

Je, mtaani kwenu aliyerudi kwa ugonjwa mnampokeaje? Naomba maoni yenu.