Simu Haina Nauli: Walezi wa Watoto Wenye Saratani, Kutoka Naliendele

Naliendele inajulikana nchini kwa korosho. Kituo cha utafiti kilichopo hapo, ambacho leo huitwa TARI Naliendele, kimewafundisha wakulima wa kusini kuudhibiti ubwiriunga kwa salfa na kupanda miche bora. Maarifa hayo hayakufika Newala na Tandahimba kwa karatasi peke yake. Yalifika yakiwa na bwana shamba, bomba la kupulizia na mfuko wa salfa. Kanuni hiyo ya shambani ndiyo ninayotaka kuitumia kupima jambo jingine linalozungumzwa sana siku hizi: matumizi ya simu ya mkononi katika kuwasaidia walezi wa watoto wenye saratani.

Wanafunzi wangu hudhani jambo hili ni la jana. Sivyo. Historia ya saratani ya watoto katika Afrika Mashariki ilianza kama historia ya kutuma na kupokea taarifa. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Ili kujua unapatikana wapi, alituma kwa posta vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni barani. Kisha, mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kwa majuma kumi hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Ramani iliyotokana na barua na safari hizo ilionyesha ukanda wa joto na mvua, ambao mkia wake ulishuka kupitia pwani ya Tanganyika na Msumbiji. Pwani yetu ya Ruvuma imo humo. Hata hivyo, taarifa zilikwenda upande mmoja tu, kutoka kijijini kwenda kwa mtafiti. Mzazi alitoa habari, hakurudishiwa habari.

Mwaka 1967 kilifunguliwa Kampala kituo cha kutibu uvimbe huo, kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Huko ilidhihirika kwamba dawa zinaweza kuuyeyusha uvimbe na kwamba baadhi ya watoto hupona kabisa. Ilidhihirika vilevile kwamba huwezi kusema mtoto amepona ikiwa hujui alipo. Kwa hiyo wahudumu waliandika kwa makini makazi ya kila familia na kuwafuata watoto vijijini kwa gari. Ufuatiliaji ulikuwapo kabla ya simu, na ulikuwa na magurudumu.

Kwetu Tanzania tiba ya saratani ilijikita Dar es Salaam. Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani na kufunguliwa mwaka 1897, ilifanywa taasisi ya saratani kwa sheria mwaka 1996. Watoto walilazwa hapo kabla wodi yao haijahamishiwa Muhimbili, ambako asasi ya Tumaini la Maisha imekuwa ikishirikiana na serikali kuwatibu bila malipo na kuwapa malazi wao na walezi wao. Tiba bila malipo ni hatua kubwa. Lakini kati ya Mtwara na Dar es Salaam pana zaidi ya kilomita 550, na Daraja la Mkapa lililovuka Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003 tu. Kabla yake, mvua kubwa ilitosha kuikata kusini na nchi. Reli tuliyowahi kuwa nayo, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga, iling'olewa katika miaka ya 1960. Ilikuwa imewekwa kusafirisha karanga, wala haikuwekwa kwa ajili ya watu.

Sasa tazama simu. Mwaka 2009 mradi wa SMS for Life uliwauliza wahudumu wa vituo vya afya katika wilaya tatu, mojawapo Lindi Vijijini, ni dawa kiasi gani za malaria zilizobaki. Baada ya majuma 21, vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa hizo vilipungua kutoka asilimia 78 hadi 26. Ujumbe haukutibu mtu. Dawa zilihamishwa kutoka palipozidi kwenda palipopungua. Mwaka 2012 ikaja Wazazi Nipendeni, iliyowatumia wajawazito ushauri bila malipo. Mpango wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa, ukaongeza kilichokosekana: anayepokea simu humtuma dereva, na dereva hulipwa. Kwa upande wa saratani, Bugando, Mwanza, imejaribiwa programu ya mNavigator ya kuongoza na kufuatilia tiba ya watoto. Ocean Road nako imejaribiwa programu ya kuwaunganisha wagonjwa watu wazima waliorudi nyumbani na wataalamu wa tiba shufaa.

Je, simu ingemfaa nini mama wa Naliendele aliyerudi na mwanawe baada ya tibakemia? Chukua mfano mmoja. Dawa hizo hushusha kinga ya mwili, hivyo homa kwa mtoto huyo ni dharura ya saa chache. Lakini katika mkoa wa malaria homa ni jambo la kawaida: mama atanunua dawa ya mseto na kusubiri kesho. Ujumbe mmoja wa Kiswahili chepesi, au sauti ya muuguzi kwa mama asiyesoma, unaweza kumwokoa mtoto. Unaweza, kama simu ni ya mama na si ya mume aliye safarini. Kama zahanati ina dawa ya sindano. Na kama mhudumu wa zahanati naye ana daktari wa kumpigia usiku.

Mlezi asiporudi tarehe aliyopangiwa, huitwa mtoro. Tulitafakari neno hili. Katika pwani hii mtoro alikuwa mtumwa aliyekimbia, kisha akawa manamba aliyelikimbia shamba la mkonge. Leo tunamwita hivyo mama ambaye korosho zake bado hazijauzwa na ana watoto wengine wanne nyumbani. Programu itakayohesabu watoro kwa usahihi zaidi itakuwa imeboresha daftari tu.

Shirika la Afya Duniani liliweka lengo mwaka 2018 kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wapone. Katika nchi tajiri hupona zaidi ya asilimia 80. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Tofauti hiyo haitokani na uhaba wa ujumbe mfupi.

Tangu msimu wa 2024/2025 mnunuzi anaweza kununua korosho za Mtwara mnadani kwa njia ya mtandao, na mzigo ukapata njia hadi bandarini. Serikali inajua, basi, jinsi ya kuunganisha taarifa, fedha na usafiri. Kusini sasa ina hospitali yake ya rufaa ya kanda, Mitengo. Ninawauliza watumishi wa umma wanaosoma hapa: ni nini kinachozuia sehemu ya tiba ifanyike hapo kwa maelekezo ya Muhimbili, nauli ya mlezi itumwe kwenye simu yake kabla ya tarehe ya kliniki, na mtoto mwenye saratani mwenye homa achukuliwe na dereva yuleyule wa m-mama?