Safu ya Lugha: Kusafisha si kuchapa
Siku hizi picha ya simu ikitolewa kwenye karatasi, utasikia “imesafishwa”. Hapana, imechapwa. Kusafisha ni kazi ya filamu: hutiwa dawa gizani, ikaoshwa kwa maji, negativu zikaonekana. Kisha negativu zote hulazwa juu ya karatasi moja na kuchapwa kwa ukubwa wake uleule, mpiga picha achague ipi ikuzwe.

Karatasi hiyo haifichi kitu. Ile ya mpiga picha Diane Arbus ya mwaka 1962, ya mtoto mwenye bomu la mkono la kuchezea huko Central Park, New York, inamwonyesha mtoto akitabasamu na kujishaua kama watoto wote. Arbus alikuza ile picha moja ambamo mtoto alikunja uso. Kwa hiyo anayesema picha zimesafishwa bado hajatuambia ipi imechaguliwa.