Neno la Kuitia: Istilahi ya Sikio Lililo Chumbani

Hoteli ya Henn na, iliyofunguliwa mwaka 2015 huko Sasebo katika mkoa wa Nagasaki, Japani, ilipata sifa duniani kwa kuhudumiwa na roboti. Kando ya kitanda cha mgeni palikuwa na mwanasesere mdogo aitwaye Churi, aliyewekwa hapo ajibu maswali madogo madogo na kuwasha au kuzima taa. Mnamo Januari 2019 gazeti la Wall Street Journal lilieleza yaliyompata mgeni mmoja. Usiku kucha, kila baada ya muda, aliamshwa na mwanasesere huyo akimwomba radhi kwamba hakusikia vizuri, tafadhali arudie ombi lake. Mgeni hakuwa na ombi. Alikuwa anakoroma.

Habari hiyo ilisomwa na wengi kama kituko. Kwangu mimi imebeba swali zito la istilahi. Wahandisi wa vifaa hivi husema kwamba kifaa kisipotumika huwa kimelala, na kwamba kuna neno maalumu la kukizindua. Kwa Kiingereza neno hilo huitwa wake word, na mfasiri mwenye haraka ataandika "neno la kuamsha". Lakini aliyelala hasikii mkoromo wa mwenzake. Ikiwa kifaa kilisikia mkoromo, hakikuwa kimelala, na istilahi inayosema kilikuwa kimelala inamdanganya mgeni kuhusu jambo lenyewe analohitaji kulijua kabla hajavua viatu.

Tutazame kinachotendeka ndani. Spika janja ina maikrofoni kadhaa ndogo ambazo hupokea sauti muda wote, maadamu umeme upo na kitufe cha kuzizima hakijabonyezwa. Sauti hupita kwenye kumbukumbu ya muda inayoweza kushika sekunde chache tu. Mpya zikiingia, za zamani zinafutika. Chipu hulinganisha kila kipande na umbo la sauti la neno moja, tuseme "Alexa" au "Hey Google". Kila ulinganishaji hutoa alama. Alama zikivuka kizingiti kilichowekwa na mtengenezaji, taa huwaka, njia ya intaneti hufunguka, na yanayosemwa kuanzia hapo, pamoja na kipande kifupi mno cha yaliyotangulia, kwa kawaida husafiri hadi kwenye seva za kampuni. Huko ndiko maneno yanakotambuliwa na jibu kutayarishwa.

Ni haki kusema kwamba yale yasiyovuka kizingiti, kwa kawaida, hayatoki kwenye kifaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern cha Marekani na wenzao wa Imperial College London waliviwashia vifaa hivi vipindi vya televisheni kwa saa nyingi, na mwaka 2020 wakaeleza kwamba hawakuona ushahidi wa kurekodi mfululizo. Anayemwambia mgeni kwamba kila neno lake linapelekwa ng'ambo anamtisha bure. Hata hivyo, Kiswahili kinatofautisha kusikia na kusikiliza. Unaweza kusikia gari likipita barabarani bila kutaka. Kusikiliza kuna kusudi. Kifaa kinachopima kila sauti ya chumbani kikitafuta neno lake kinasikiliza, hata kama baada ya kupima kinaitupa sauti hiyo.

Kwa hiyo napendekeza tuachane na kuamsha, tuseme neno la kuitia. Katika nyumba zetu mtoto akiitwa huitika "abee", "naam" au "labeka". Akiitika papo hapo, aliyemwita anajua kwamba masikio yalikuwa wazi hata kabla ya jina kutajwa. Kitenzi ita kinakubali kwamba yule anayeitwa yuko macho, nacho katika kauli ya kutendea, itia, kinatupa chombo cha kufanyia tendo: neno la kuitia, kama kisu cha kukatia au kalamu ya kuandikia. Mzungumzaji yeyote wa Kiswahili atalielewa bila kufundishwa. Kinyume chake pia kinapatikana bila jasho. Kifaa kikiitika pasipo kuitwa, huko ni kuitika kusikoitwa, na hilo ndilo kosa kubwa la teknolojia hii.

Kosa hilo linatokana na kizingiti. Kikiwekwa juu mno, mteja ataita mara tatu bila jibu na kukirudisha kifaa dukani. Kikishushwa, kifaa kitaitikia yasiyokihusu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr mjini Bochum, Ujerumani, na wenzao waliviwekea vifaa 11 vya kampuni mbalimbali tamthilia na taarifa za habari, wakakusanya zaidi ya mifuatano 1,000 ya sauti iliyoviitikisha kimakosa. Kifaa cha Amazon kiliitika kiliposikia neno la Kiingereza lenye maana ya uchaguzi. Kile kilichotumia Cortana ya Microsoft kiliitikia Montana, jina la jimbo la Marekani. Mei 2018 familia moja ya Portland, jimboni Oregon, iligundua kwamba mazungumzo yao ya nyumbani yalirekodiwa na kutumwa kwa mtu wanayemfahamu mjini Seattle. Amazon ilieleza kwamba kifaa kilidhani kimeitwa, kisha kikadhani kimeamriwa kutuma ujumbe, na kila kilipouliza swali kikadhani kimejibiwa.

Sauti ikishafika kwenye seva, haisikilizwi na mashine peke yake. Aprili 2019 shirika la habari la Bloomberg liliripoti kwamba Amazon ilikuwa na maelfu ya watu, miongoni mwao walio Romania, India na Costa Rica, wanaosikiliza vipande vya sauti na kuviandika ili kuinoa programu. Julai mwaka huohuo shirika la utangazaji la Ubelgiji, VRT, lilipata zaidi ya rekodi 1,000 za watumiaji wa Google. Katika hizo, 153 zilikuwa za nyakati ambapo neno la kuitia halikutamkwa kabisa: maongezi ya chumba cha kulala, ya wazazi na watoto, ya simu za kikazi.

Sasa turudi hotelini. Desemba 2016 Wynn Las Vegas ilitangaza kwamba itaweka spika za Amazon Echo katika vyumba vyake vyote 4,748. Juni 2018 Amazon ikazindua huduma mahususi kwa ajili ya mahoteli, Marriott ikiwa ya kwanza kuipokea katika baadhi ya hoteli zake. Mgeni angeweza kuagiza taulo au chakula, kupunguza baridi ya kiyoyozi, kuuliza saa ya kufunguliwa kwa bwawa, yote bila kugusa simu. Amazon ilisema rekodi zingefutwa kila siku na kwamba hoteli isingeweza kuzisikiliza. Google nayo ilifuata Agosti 2020 na kifaa chenye skrini kisicho na kamera, chenye swichi ya kuzima maikrofoni, ikaahidi kutohifadhi sauti za wageni.

Ahadi hizo zina uzito, na kampuni zilizoziweka zinastahili kusifiwa kwa hilo. Ila ahadi ya kampuni hubadilishwa na kampuni. Tarehe 28 Machi 2025 Amazon iliondoa mpangilio uliowawezesha baadhi ya wenye Echo Marekani kuzuia sauti zao zisipelekwe kwenye seva.

Swali la hoteli linazidi lile la nyumbani, na hapa ndipo nisingependa msomaji apite haraka. Aliyenunua spika na kuiweka sebuleni kwake alikubali masharti mwenyewe. Jina la akaunti ni lake. Akitaka, anafungua programu kwenye simu, anaona orodha ya yaliyorekodiwa, anasikiliza, anafuta. Mgeni wa hoteli hana hata kimoja cha hivyo. Mkataba ni wa hoteli na kampuni, akaunti ni ya hoteli, kifaa kilikuwapo kabla ya yeye kupewa ufunguo. Ridhaa imetolewa na mmoja, sauti ni ya mwingine.

Kuna hukumu ya zamani inayogusa kiini cha jambo hili. Mwaka 1964, katika kesi ya Stoner dhidi ya California, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba karani wa hoteli hawezi kuwaruhusu polisi wapekue chumba cha mgeni. Haki ile ni ya mgeni, na ni yeye tu anayeweza kuiachilia. Hukumu ilihusu polisi, haikuhusu kampuni za teknolojia. Lakini iliona kwamba kuwa na funguo zote za jengo hakumpi mwenye hoteli mamlaka ya kutoa faragha ya mtu mwingine.

Na neno faragha lenyewe lishikwe vizuri. Limetoka katika Kiarabu, kwenye shina lenye maana ya utupu na nafasi iliyo wazi. Mtu aliye faraghani yuko mahali ambapo hakuna mwingine. Wapo wanaolibadilisha na usiri, na hapo hoja hugeuka: mgeni anaanza kuulizwa ana siri gani anayoificha. Hana siri yoyote. Anaswali, anagombana na mwenziwe kwenye simu, anamsimulia dada yake majibu ya daktari, anazungumza usingizini. Amelipia chumba ambacho ndani yake hamna mwingine.

Ndiyo maana pia naona shida katika kukiita kifaa hiki msaidizi. Google katika programu zake za Kiswahili imekiita Mratibu, jina zuri la cheo cha mtu. Ngeli ya watu inaingiza mtu chumbani. Tukisema "msaidizi anasikiliza, anakumbuka, anajifunza" tumekwishampa nafsi, na mgeni atamsamehe kama anavyomsamehe mhudumu mchanga aliyekosea. Kiswahili tayari kina njia yake ya kutaja vyombo: kipaza sauti, kinasa sauti, kiyoyozi. Kisaidizi cha sauti kinaingia humo bila kusukumwa. Kinabaki kifaa, na kifaa kina mwenyewe.

Kuna watu wengine chumbani ambao mjadala huu karibu kila mara huwasahau. Wahudumu wa usafi huingia vyumba vingi kwa siku, wawili wawili mara nyingine, na kazi yao ni kimya na maongezi. Katika mahoteli ya Dubai na Doha wamo Wakenya na Waganda wengi, na Kiswahili husikika kwenye korido. Wanazungumza juu ya mshahara uliochelewa, juu ya msimamizi, juu ya mtoto aliyeachwa kwa bibi. Palipo na kifaa kama hiki, nao wanasikilizwa, na kwao hakuna kadi iliyoandikwa wala mlango wa kuhamia chumba kingine. Hoteli inayofikiria faragha ya mgeni peke yake imefikiria nusu ya watu walio chumbani.

Sheria za kwetu hazikutungwa kwa ajili ya spika za hotelini, lakini zinatosha kuanzia. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 16, inalinda nafsi ya mtu, maisha yake binafsi, familia na unyumba wake, maskani yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa amjulishe mhusika kusudi la kuzikusanya. Kenya, kwa sheria yake ya 2019, imekwenda hatua moja mbele kwenye suala la sauti, kwa kuuweka utambuzi wa sauti miongoni mwa data za kibayometriki, sawa na alama za vidole. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza baa na mgahawa mmoja wa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila ridhaa yake. Sioni kwa nini sauti ya mgeni ipewe ulinzi mdogo kuliko uso wa mlaji.

Kwa mwenye hoteli wa Zanzibar, Mombasa au Arusha anayefikiria kununua vifaa hivi, jambo la kwanza ni kuviweka vikiwa vimezimwa, na mgeni anayevitaka aviwashe mwenyewe. La pili ni kadi kando ya kitanda, kwa lugha ambayo mgeni na mhudumu wote wawili wanaisoma. Ningeiandika hivi:

"Ndani ya chumba hiki kuna kisaidizi cha sauti. Kikiwa kimewashwa, kinasikiliza wakati wote ili kisikie neno la kuitia. Kikilisikia, au kikidhani kimelisikia, taa ya buluu itawaka na maneno yanayosemwa yatapelekwa kwenye seva za kampuni iliyokitengeneza, nje ya nchi. Ukibonyeza kitufe cha juu, taa nyekundu itawaka na maikrofoni zitazimika. Unaweza kukichomoa kwenye umeme bila kumwuliza mtu. Ukitaka kiondolewe chumbani, piga simu mapokezi. Kitaondolewa saa yoyote, na hutaulizwa sababu."