Metropolis: Uasi uliochochewa na mtawala mwenyewe

FILAMU bubu ya Metropolis, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin, Ujerumani, Januari 10, 1927, ndiyo iliyoipa bunilizi ya kisayansi sura ya mji wa baadaye inayotambulika hadi leo: maghorofa yanayogusa mawingu, barabara zinazopita angani na, chini kabisa ya ardhi, umati wa wafanyakazi wasioliona jua.

Filamu hiyo iliongozwa na Fritz Lang na kuandikwa na Thea von Harbou, aliyekuwa mkewe wakati huo, ambaye pia aliandika riwaya yenye jina hilo hilo. Wengi huikumbuka kwa roboti lake la kike. Hata hivyo, kiini cha kisa chake ni uasi, tena uasi wa aina yake, kwa kuwa anayeuchochea ni yule yule unaoonekana kuelekezwa dhidi yake.

Katika mji huo watu wamegawanyika katika matabaka mawili yasiyochanganyika. Juu wanaishi wenye mali, ambao vijana wao hushindana mbio katika viwanja vya fahari na kupumzika katika bustani zenye chemchemi. Chini wanaishi wavujajasho waendeshao mitambo, wanaoingia na kutoka kazini kwa safu, vichwa vimeinama, kwa zamu za saa 10. Baadhi yao hutambulika kwa namba. Mmoja wao, Georgy, ni namba 11811. Hakuna ngazi ya kupanda kutoka tabaka moja hadi jingine. Kilichopo ni lifti tu, nayo huwapeleka kazini na kuwarudisha.

Mwenye kauli ya mwisho ni Joh Fredersen, bwana wa mji. Mwanawe, Freder, hajui lolote kuhusu maisha ya chini mpaka siku Maria, msichana wa kifanyakazi, anapowaleta watoto wa huko bustanini na kuwaonesha matajiri kuwa hao ni ndugu zao. Freder anamfuata, anafika kwenye ukumbi wa mitambo na kushuhudia mlipuko ukiwaua watu. Machoni pake mtambo unageuka kuwa Moloki, mungu wa kale aliyetolewa kafara za binadamu, akiwameza wafanyakazi kwa makundi.

Maria hahubiri vita. Katika mapango ya makaburi ya kale, yaliyo chini zaidi ya makazi ya wafanyakazi, anawasimulia habari za mnara wa Babeli na kuwataka wavumilie hadi atakapopatikana msuluhishi kati ya wanaofikiri na wanaotenda. Fredersen, aliyejificha pamoja na mvumbuzi Rotwang, anayasikia yote hayo. Anachokiona hapo ni kwamba wafanyakazi wanamwamini mtu asiye yeye, na hilo linamtosha. Anaagiza roboti la Rotwang lipewe sura ya Maria, lishuke kwao na kuivunja imani hiyo kwa kuwachochea wafanye fujo. Wakishaanza wao kutumia nguvu, naye atakuwa na haki ya kutumia nguvu dhidi yao.

Hapa ndipo filamu inapozipita nyingi zilizoifuata. Tabaka tawala linauhitaji uasi. Mtambo mkuu unaouendesha mji unalindwa na mnyapara Grot, ambaye kwanza anafunga milango mbele ya umati. Amri ya kuifungua inatoka kwa Fredersen.

Mtambo unavunjwa, maji yanafurika katika makazi ya chini, na katika hasira yao wazazi wamewasahau watoto wao huko. Maria halisi, Freder na Josaphat, karani aliyefukuzwa kazi na Fredersen, ndio wanaowaokoa. Wafanyakazi, wakiamini kuwa watoto wamekufa, wanamkamata Maria wa bandia na kumchoma moto. Ngozi inapotoweka hubaki chuma kitupu. Rotwang naye anaanguka kutoka juu ya paa la kanisa kuu. Mwishowe, mlangoni mwa kanisa hilo, Freder anaunganisha mkono wa baba yake na wa Grot.

Mwisho huo ndio uliozua ubishi mkubwa. Hakuna aliyepewa nyumba ya juu, hakuna zamu iliyopunguzwa, na anayewakilisha wafanyakazi ni mnyapara aliyekuwa akipokea amri za bwana. Mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells, ambaye mwaka 1895 alikuwa ameandika juu ya tabaka la juu na la chini katika The Time Machine, aliishambulia filamu hiyo mwaka 1927 akiiona ya kipuuzi, na kudai kuwa iliazima mambo kutoka kazi yake ya awali. Mhakiki Siegfried Kracauer, katika kitabu chake cha mwaka 1947 kuhusu sinema ya Ujerumani, alikwenda mbali zaidi: kwake, kupeana mikono kule kunamwachia Fredersen mamlaka yake yote. Lang mwenyewe miaka ya baadaye alikiri kutoupenda mwisho huo. Yeye aliondoka Ujerumani mwaka 1933. Harbou, waliyekuwa wametalikiana, alibaki na kuendelea na kazi ya filamu chini ya utawala wa Nazi.

Upigaji picha ulianza Mei 1925 na kuendelea hadi mwaka uliofuata. Brigitte Helm, aliyeigiza Maria wote wawili, alikuwa bado kijana kazi ilipoanza. Mpiga picha Eugen Schüfftan alitumia vioo vilivyokwanguliwa sehemu ili waigizaji waonekane kana kwamba wamo ndani ya majengo makubwa, ambayo kwa kweli yalikuwa vielelezo vidogo vya mezani. Umati, hata hivyo, ulikuwa wa watu halisi. Watoto wa tukio la mafuriko walitoka katika mitaa ya makabwela ya Berlin, na ni watu wasio na ajira waliokubali kunyolewa vipara ili waigize watumwa wa Babeli. Mtazamaji anayelijua hilo huitazama safu ile ya vichwa vilivyoinama kwa jicho tofauti.

Gharama zilizidi alama milioni 5 za Kijerumani, na kampuni ya Ufa, iliyokuwa tayari na madeni, ikazidi kuelemewa. Mwaka huo huo wa 1927 ilichukuliwa na Alfred Hugenberg, tajiri wa magazeti aliyekuja kuwa waziri katika baraza la kwanza la Hitler mwaka 1933.

Kabla ya hapo filamu ilikuwa imekwisha kutiwa makasi. Toleo la kwanza lilikuwa la dakika zaidi ya 150. Kwa soko la Marekani, kampuni ya Paramount ilimkabidhi mwandishi Channing Pollock kazi ya kuipunguza, naye akaondoa habari zote za Hel, mwanamke aliyependwa na Rotwang, akaolewa na Fredersen na kufa akimzaa Freder. Sababu iliyotolewa ni kwamba jina hilo linakaribiana mno na neno la Kiingereza la jahanamu. Bila Hel, chuki ya Rotwang kwa Fredersen haikuwa na chanzo, na hila yake ya kulitumia roboti kumwangamiza bwana wa mji ikakosa maana. Ujerumani nako ilitolewa filamu iliyofupishwa. Kwa miaka 80 watu walibishana kuhusu uasi ambao sababu zake zilikuwa zimekatwa.

Mwaka 2008 nakala ndefu ya milimita 16 ilitambuliwa katika jumba la makumbusho ya filamu mjini Buenos Aires, Argentina. Ilikuwa imechubuka vibaya, lakini ilikuwa na takriban dakika 25 ambazo hazikuonekana tangu 1927, zikiwamo za mnara wa kumbukumbu ya Hel, safari za Georgy na uokoaji wa watoto. Toleo lililokarabatiwa lilioneshwa Berlin Februari 12, 2010. Ukarabati wa awali ulikuwa umeiwezesha filamu hiyo kuingizwa mwaka 2001 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia.

Katika toleo la 2010 michubuko ya nakala ya Argentina imeachwa ionekane, kiasi kwamba mtazamaji anaweza kutambua kila kipande kilichorudishwa. Bado tukio moja muhimu halijapatikana: Fredersen na Rotwang wanapigana, na Maria anapata nafasi ya kutoroka. Mahali pake pamewekwa maandishi tu.